Malale, Mbung'o na Kimeng'enya: Adui Anapotafutwa, Nani Hulipa?

Mwaka 1923 jarida moja la Uingereza linaloshughulika na wadudu lilichapisha makala ndefu ya Charles Swynnerton kuhusu mlipuko wa malale karibu na Mwanza. Mwaka 2012 jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani lilichapisha makala ya Mauro Serricchio na Peter Bütikofer, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern huko Uswisi, kuhusu kimeng'enya kinachounda aina fulani ya mafuta ndani ya mitokondria ya kimelea cha malale. Makala ya kwanza inazungumzia vichaka, vijiji, wanyama na nzi. Ya pili inazungumzia kitu kidogo kiasi kwamba hakionekani hata kwa hadubini ya kawaida ya zahanati. Baina yao ipo miaka 89, lakini adui wanayemwandama ni mmoja.

Mimi si mwanabiolojia, na sikukusudia kuwafundisha wenye fani yao. Swali ninalolileta leo ni la kihistoria. Kila kizazi kilipoamua mahali pa kumtafuta adui huyu, kiliamua pia, kwa kujua au kwa kutojua, ni nani atakayelipa gharama ya msako. Adui alipotafutwa ndani ya watu, watu walihamishwa. Alipotafutwa vichakani, ardhi ilivuliwa nguo. Alipotafutwa kwenye damu kwa kutumia sumu, macho na ubongo wa wagonjwa vililipa. Leo anatafutwa ndani ya kimeng'enya. Ni vyema tukauliza mapema: safari hii deni litaandikwa kwa jina la nani?

Ugonjwa uliokuwa umebanwa

Malale husababishwa na vimelea vya seli moja viitwavyo tripanosoma, ambavyo husambazwa na mbung'o anapofyonza damu. Aina inayopatikana upande wetu, Trypanosoma brucei rhodesiense, hujificha ndani ya wanyamapori na ng'ombe, na ikimwingia binadamu huweza kumuua katika muda wa miezi michache. Ndugu yake, gambiense, aliyeenea Afrika ya Magharibi na ya Kati, humla mgonjwa polepole kwa miaka. Jina brucei linatokana na daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliyevitambua vimelea hivyo kwa ng'ombe wa Zululand katika miaka ya 1890.

Wakoloni waliandika kana kwamba waliwakuta Waafrika wamelala chini ya miguu ya mbung'o, wakisubiri kuokolewa. Maandishi ya baadaye yaliipinga picha hiyo kwa ushahidi. John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyefanya kazi Afrika Mashariki kwa miaka mingi, katika kitabu chake cha mwaka 1971, na Helge Kjekshus katika kitabu chake cha mwaka 1977, walionyesha kwamba jamii za hapa zilikuwa na namna zao za kumbana mbung'o. Walilima kwa pamoja, walichoma nyasi kwa majira, walilisha mifugo mahali palipojulikana kuwa salama, na waliacha mapori yawe mipaka baina ya himaya na himaya. Mbung'o alikuwapo, lakini alikuwa na makwao.

Uzio huo ulivunjika katika miaka ya 1890. Sotoka iliteketeza ng'ombe kuanzia mwanzoni mwa muongo huo. Njaa, ndui, vita vya uvamizi na kodi vilifuata. Mashamba yaligeuka vichaka, wanyamapori wakarudi, na mbung'o akarudi nao. Malale yaliyozuka baadaye yalimea katika mazingira ambayo ukoloni ulishiriki kuyatengeneza. Hili ni la kukumbukwa, kwa sababu daktari asiyejua ugonjwa ulivyoanza huishia kumtibu mgonjwa kama mtuhumiwa.

Adui ndani ya watu

Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo, jijini Kampala, walianza kuwaona wagonjwa wa malale. Katika miaka michache iliyofuata ugonjwa huo ulizisomba Busoga, Buganda na visiwa vya kaskazini mwa ziwa, na inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa. Kuanzia mwaka 1906 serikali ya Uganda, chini ya Gavana Hesketh Bell, ilianza kuwaondoa watu kwenye ukanda wa ziwa, na visiwa vilivyokuwa vimejaa wavuvi na wakulima vikabaki vitupu. Waliotoroka ugonjwa walipoteza mitumbwi, migomba na makaburi ya wazee wao.

Mwaka huohuo, 1906, Robert Koch, ambaye alikuwa ametoka kupata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alifika katika Ziwa letu. Msafara wake ulipitia Mwanza, kisha ukaweka makao katika visiwa vya Sese, ambako wagonjwa walikuwa wengi. Huko aliwatibu mamia ya watu kwa dawa yenye arseniki iliyoitwa Atoxyl, jina lenye maana ya kitu kisicho na sumu. Alipoona haitoshi, aliongeza kipimo. Taarifa yake mwenyewe ilikiri kwamba wagonjwa 22 walipofuka. Wengine walitoroka kambini kwa sababu ya maumivu. Kwa upande wa Wajerumani zilifunguliwa kambi za malale, zikiwamo za Kigarama huko Kisiba na Shirati, na wagonjwa wakatengwa humo.

Kuna jambo moja katika kisa hicho ambalo halitajwi mara nyingi. Huko Frankfurt, Paul Ehrlich alikuwa akichunguza dawa za jamii ya Atoxyl dhidi ya tripanosoma. Kutokana na kazi hiyo alifika kwenye dawa nyingine ya arseniki, Salvarsan, iliyoingia sokoni mwaka 1910 kutibu kaswende. Maarifa yaliyotokana na msako wa malale yakawa tiba ya ugonjwa uliokuwa ukiitesa Ulaya yenyewe. Mwanafunzi wa historia ya uchumi ataitambua njia hiyo mara moja: malighafi hutoka huku, bidhaa hutengenezwa kule. Hatukuwahi kuifikiria damu kama malighafi, lakini ilikuwa hivyo.

Mpangilio huo uliendelea. Katika mwaka 1916 kampuni ya Bayer ilipata dawa ya suramini na kuificha fomula yake kama siri ya dola. Ilibidi Mfaransa Ernest Fourneau aifumbue na kuitangaza mwaka 1924. Kwa muda wa miaka minane siri ya kampuni moja ilikuwa na uzito kuliko maisha ya wagonjwa wa bara zima.

Adui vichakani

Mwaka 1922 malale yaliripuka mashariki ya Mwanza, katika eneo la Maswa ambalo leo limo ndani ya Mkoa wa Simiyu. Aliyetumwa kuchunguza upande wa mbung'o alikuwa Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika. Aina ya mbung'o iliyohusika ilionekana kuwa mpya kwa sayansi, na mwaka 1923 ilipewa jina lake: Glossina swynnertoni. Wasukuma walikuwa wamemjua mdudu huyo muda wote huo, lakini kwenye vitabu alizaliwa siku hiyo. Swynnerton baadaye aliongoza utafiti wa mbung'o ulioweka makao yake Shinyanga, hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938.

Hoja yake ilikuwa na mantiki. Mbung'o anahitaji kivuli, kwa hiyo ondoa kivuli. Kwa kupitia watemi, maelfu ya wanaume waliitwa kwenda kufyeka. Katika maeneo mengine watu walikusanywa katika makazi maalumu ya malale, mbali na mapori, ili ardhi iliyolimwa iwe ngome yao. Njia hizo ziliokoa maisha, na si haki kulikana hilo. Hata hivyo, gharama zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kazi ya mikono iliyoitwa ya hiari mbele ya mtemi na mkuu wa wilaya. Ya pili ilikuwa ya ardhi yenyewe. Ufyekaji uliofanywa dhidi ya mbung'o, ukijumlishwa na upanuzi wa pamba, kuni na wingi wa mifugo, uliiacha Shinyanga ikiitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, na kilichoiponya ardhi hiyo kilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho kwa ajili ya kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti. Maarifa yaliyopuuzwa mwaka 1922 yaliitwa kuja kulipa deni la waliyoyapuuza.

Katika eneo hilohilo la Shinyanga kilikuwapo kituo cha Tinde, kilichochunguza malale ya rhodesiense katika miaka ya 1930 na 1940. Huko vimelea vilihamishwa kutoka kwa mbung'o hadi kwa kondoo na swala, na kutoka kwao hadi kwa mbung'o tena, kwa miaka mingi, ili kuona kama vitaendelea kuwa na uwezo wa kumwambukiza binadamu. Lakini uwezo wa kumwambukiza binadamu hupimwaje? Hupimwa kwa kumwambukiza binadamu. Mwaka 1946 H. Fairbairn na E. Burtt walichapisha matokeo ya majaribio hayo, wakikadiria idadi ya chini ya vimelea inayotosha kumwambukiza mtu. Waliong'atwa waliandikwa kuwa watu wa kujitolea.

Nawaomba wanafunzi wangu wasimame juu ya neno hilo, kujitolea. Nani aliwaeleza hatari, kwa lugha gani, na mbele ya nani? Je, katika koloni ambamo kodi, njaa na amri ya mtemi vilikuwa jirani wa kila siku, hiari ilikuwa na upana gani? Sayansi ya leo inayojua kiasi cha chini cha maambukizi ya malale iliazima miili kutoka Tinde, na mkopo huo haujawahi kutambuliwa hadharani.

Mafuta ya moyo

Sasa tuingie ndani ya seli, kwa hatua moja moja.

Karibu kila seli ya mwili wetu ina mitokondria, vinu vinavyogeuza chakula kuwa nishati. Wanasayansi wanakubaliana kwamba mitokondria zilitokana na bakteria waliomezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita, wakabaki humo kama wapangaji wa kudumu. Kinu hicho kina tando mbili, na ule wa ndani umekunjwa mikunjo mingi. Katika utando huo wa ndani yamo mafuta ya pekee yaitwayo kardiolipini. Mafuta ya kawaida ya tando za seli yana mikia miwili. Kardiolipini ina mikia minne. Umbo hilo huisaidia kushikilia mikunjo na kuziweka pamoja protini zinazozalisha nishati, kama udongo unavyoyashika matofali ya kinu. Mahali pa mwisho pa kuyaunda yapo chini ya kimeng'enya kimoja, fundi anayeunganisha vipande viwili kuwa kardiolipini.

Fundi huyo akikosea, mwili mzima hutikisika. Mwaka 1983 daktari wa Uholanzi, Peter Barth, alieleza ugonjwa wa kurithi unaowapata zaidi watoto wa kiume, wenye moyo dhaifu, misuli legevu na upungufu wa chembe nyeupe za damu. Baadaye ilibainika kwamba chanzo chake ni hitilafu katika hatua ya kuikamilisha kardiolipini. Katika miaka ya karibuni zimetambuliwa pia familia chache ambazo hitilafu yao imo katika kimeng'enya chenyewe kinachoiunda, na watoto wao huugua viungo vingi kwa mara moja.

Jina kardiolipini lilitolewa na Mary Pangborn, mkemia wa idara ya afya ya jimbo la New York, aliyeyatenga mafuta hayo kutoka kwenye moyo wa ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1940. Alikuwa akitafuta nini? Alikuwa akitafuta siri ya kipimo cha kaswende. Tangu mwaka 1906 August Wassermann na wenzake walikuwa na kipimo kilichotumia supu ya viungo vya mwili, na hakuna aliyejua kwa hakika ni kitu gani ndani ya supu hiyo kilichokuwa kikiitambua damu ya mgonjwa. Pangborn alikipata: kardiolipini. Damu ya mgonjwa wa kaswende hutengeneza kingamwili zinazoshikana na mafuta hayo. Kutoka hapo vikazaliwa vipimo viitwavyo VDRL na RPR.

Hapo ndipo mafuta ya moyo wa ng'ombe yanapofika Mwanza. Kwa miaka mingi mama mjamzito aliyetolewa damu kliniki na kuambiwa anapimwa kaswende, alikuwa akipimwa kwa kardiolipini. Utafiti uliofanywa mkoani Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba miongoni mwa wanawake wenye kaswende kali ambao hawakutibiwa, mmoja kati ya wanne alijifungua mtoto mfu. Na kwamba dozi moja ya penisilini iliyotolewa mapema ilibadilisha hatima hiyo. Kabla ya hapo, utafiti mwingine wa hapahapa Mwanza, uliochapishwa mwaka 1995, ulikuwa umeonyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono katika vituo vya afya vya vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima iliusoma. Matokeo hayo yalipatikana kwa vituo vya kawaida, wahudumu waliofundishwa, na dawa zilizofika kwa wakati.

Funzo ninalolichota hapo ni la sera. Mkemia aliyekuwa akichuja moyo wa ng'ombe huko Marekani hakumjua mama wa Magu wala wa Sengerema. Elimu aliyoipata ilibaki kuwa na manufaa kwa sababu ilitangazwa, haikufichwa kama fomula ya Bayer. Na ilimfikia mama huyo kwa sababu palikuwa na muuguzi, sindano na penisilini mwisho wa njia. Ukikosekana upande wowote, wa maarifa au wa zahanati, mtoto hufa.

Fundi wa kibakteria

Turudi kwa kimelea cha malale. Nacho kina mitokondria, tena moja tu, kubwa, iliyotanda seli nzima. Nayo ina kardiolipini. Serricchio na Bütikofer walimtafuta fundi anayeiunda. Walisaidiwa na jenomu ya Trypanosoma brucei, iliyochapishwa mwaka 2005 kutokana na vimelea ambavyo asili yake ni mbung'o aliyekamatwa Kenya. Walichokikuta kiliwashangaza: kimelea hiki hakitumii fundi wa aina inayotumiwa na binadamu. Kinatumia wa aina inayojulikana kwa bakteria. Mafundi wote wawili hutoa bidhaa ileile kwa njia tofauti. Wa binadamu huunganisha malighafi mbili zisizofanana. Wa bakteria huchukua mbili zinazofanana. Walipomzuia fundi huyo maabara, kardiolipini iliisha na vimelea vikashindwa kuishi.

Vimelea vilivyotumika katika kazi hiyo ya kwanza ni vya umbo linaloishi ndani ya mbung'o. Umbo linaloishi katika damu yetu hupata nishati yake kwa njia nyingine, kwa kuvunja sukari, na mtu angeweza kudhani kwamba halina haja kubwa na utando imara wa mitokondria. Utafiti uliofuata, ambao Bütikofer aliufanya pamoja na wenzake wakiwamo wa Jamhuri ya Cheki, ulionyesha kwamba hata umbo hilo hufa likinyimwa kimeng'enya hicho.

Maana yake kwa lugha ya mapambano ni hii. Arseniki ya Koch ilimpiga mgonjwa na kimelea kwa fimbo moja, ikitumaini kimelea kitatangulia kufa. Kimeng'enya ambacho mgonjwa hana cha aina yake ni shabaha iliyo upande wa adui peke yake. Gharama ya msako, kwa nadharia, ingelipwa na kimelea.

Nisieleweke vibaya. Hakuna dawa iliyomo hospitalini leo inayolenga kimeng'enya hicho cha kardiolipini, na safari ya kutoka maabara hadi kwenye kabati la dawa ni ndefu. Lakini wazo lenyewe si ndoto ya mchana. Dawa ya feksinidazoli, inayomezwa kwa siku 10, hufanya kazi kwa sababu kimelea kina kimeng'enya kingine cha aina ya bakteria ndani ya mitokondria yake, kinachoigeuza dawa kuwa sumu humohumo ndani ya kimelea. Binadamu hana kimeng'enya cha aina hiyo. Dawa hiyo ilipata idhini dhidi ya gambiense mwaka 2018. Kwa malale yetu ya rhodesiense ilijaribiwa Malawi na Uganda, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika mwongozo wake. Hadi wakati huo, mgonjwa wa rhodesiense ambaye ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ubongo alitibiwa kwa melasoproli, dawa ya arseniki ya mwaka 1949 inayoua takriban mmoja kati ya kila wagonjwa 20 inaowatibu. Miaka 75 baada ya dawa hiyo kutolewa, na zaidi ya miaka 115 baada ya Koch, wagonjwa wetu walikuwa bado wanachomwa arseniki.

Nani anashika ufunguo wa kabati?

Kwa nini muda mrefu hivyo? Sababu moja ni ugumu wa sayansi. Nyingine ni fedha, na hiyo ina kumbukumbu.

Feksinidazoli haikugunduliwa jana. Ilitengenezwa na kampuni ya Hoechst ya Ujerumani, ikawekwa kando katika miaka ya 1980, na ikalala kwenye kabati hadi mwaka 2005, ilipofufuliwa na taasisi isiyo ya kibiashara inayoshughulikia magonjwa yaliyosahauliwa, DNDi. Kisa cha eflonithini ni kikali zaidi. Dawa hiyo, inayozuia kimeng'enya kingine cha kimelea, iliidhinishwa Marekani mwaka 1990 dhidi ya gambiense. Waliokuwa wakikaribia kufa waliamka, hata ikaitwa dawa ya ufufuo. Katikati ya muongo huo uzalishaji wake ulisitishwa kwa kuwa wagonjwa hawakuwa na fedha. Mwaka 2000 iliidhinishwa tena ikiwa krimu ya kuzuia nywele kuota usoni mwa wanawake. Soko likapatikana. Mwaka 2001, baada ya shinikizo la Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani, kampuni ya Aventis ilikubali kuitoa tena kwa ajili ya malale. Na hata hapo, dawa hiyo haiwafai wagonjwa wa rhodesiense, kwa sababu kimelea cha upande wetu hukitengeneza upya haraka zaidi kimeng'enya kinachozuiwa.

Mwaka 2001 huohuo, watalii kadhaa wa Ulaya waliozuru hifadhi zetu, ikiwamo Serengeti, waliugua malale waliporudi kwao, na majarida makubwa ya tiba yakaandika kwa haraka. Siwaonei kijicho wagonjwa hao. Nasema tu kwamba kimelea kilekile kilikuwa kikiwauma wafugaji na wachimbaji wa asali bila kuandikwa.

Tunao mfano wetu wenyewe wa njia nyingine. Katika miaka ya 1990 taasisi ya utafiti wa mbung'o ya Tanga ilizalisha mbung'o dume kwa wingi, wakafanywa tasa kwa mionzi kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, wakarushwa juu ya Unguja. Kufikia mwaka 1997 mbung'o walikuwa wametokomezwa kisiwani humo. Hakuna kijiji kilichohamishwa kwa ajili ya kazi hiyo, na msitu wa Jozani haukufyekwa. Waliofanya kazi ya kila siku walikuwa mafundi na wanasayansi wa Kitanzania. Adui alitafutwa ndani ya uzazi wake mwenyewe, na kwa kiasi kikubwa gharama aliilipa yeye.

Hoja yangu basi ni kwamba mahali pa kumtafuta adui huamuliwa na yule aliyeketi kwenye meza ya kuuliza maswali. Sisi tumekuwa uwanja: tumetoa mbung'o, tumetoa damu, tumetoa miili ya Tinde, tumetoa vimelea vilivyosomwa jenomu. Kwenye meza tumekuwa wageni. Nimekaa katika vikao vingi ambamo pendekezo la kijana anayetaka kuchunguza kemia ya kimelea huulizwa swali moja: "Tija yake ni nini?" Swali hilo lingemfungia nje Pangborn na moyo wake wa ng'ombe. Serikali za Afrika zilikubaliana kulenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo. Tanzania bado haijafika hapo, na kidogo kinachotolewa hukimbilia kwenye matokeo ya mwaka mmoja wa fedha. Kimeng'enya hakijui mwaka wa fedha.

Wapo watakaosema kwamba wagonjwa wa malale wamebaki wachache, na kwamba fedha ziende kwenye malaria na shinikizo la damu. Hoja hiyo ina uzito na naiheshimu. Lakini idadi ilikuwa ndogo pia katikati ya karne iliyopita, uangalizi ukalegea, na malale yakarudi kwa nguvu katika nchi kadhaa za Afrika kufikia miaka ya 1990. Aidha, atakayejifunza kusoma vimeng'enya vya tripanosoma atakuwa amejifunza kusoma vya malaria na vya kifua kikuu. Ujuzi hauulizi jina la ugonjwa.

Kwa mtumishi wa umma anayesoma haya, ombi langu ni dogo na linapimika: katika bajeti ijayo ya utafiti wa afya, pawepo fungu la sayansi ya msingi ya vimelea lenye muda usiopungua miaka mitano, na lipewe vyuo na taasisi zetu za kanda hii, ambako mbung'o wapo. Kwa mwanaharakati: dai kwamba kila mkataba unaoruhusu sampuli za damu au vimelea kutoka nchini uandikwe wazi juu ya mafunzo, umiliki wa matokeo na bei ya dawa itakayotokana nazo. Kwa mwanafunzi wa historia: nenda Tinde. Wazee waliokuwa watoto miaka ya 1940 wanazidi kupungua, na jalada la Waingereza halikuandika waliyoyasikia nyumbani. Waulize nani alikwenda kung'atwa, aliambiwa nini, na alirudi vipi.

Kiseke, Mwanza